Kufufua baiskeli ya resi ya zamani: pima kwanza, spana baadaye

Kama una baiskeli ya resi ya zamani imelala stoo na unawaza kuirudisha barabarani, ngoja kidogo kabla hujashika spana. Mi nimepitia hiyo njia na moja ya Kifaransa ya miaka ya 1970, gia kumi zile za enzi hizo yaani sproketi mbili mbele na tano nyuma, fremu ya chuma, usukani wa kujikunja, na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba kufungua na kufunga sio kazi ngumu kihivyo, kinachokuumiza ni vipimo. Siku hizi ukinunua pedali unajua itaingia tu. Enzi hizo Wafaransa walikuwa na sredi zao (zile njia za mzunguko kwenye bolti na nati), Waingereza zao, Waitaliano zao, na mtu anayefungua kwa mazoea anaua kitu kilichokaa salama karibu nusu karne.

Niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, nikatoa hela kidogo sana, na hapo ndo mtego ulipo, maana ukipata kitu kwa bei ya kutupa unajiona mjanja kumbe hesabu bado haijaanza. Tairi mbili, tyubu, utepe wa ndani ya ringi, waya za breki na za gia pamoja na maganda yake, raba za breki, cheni, gololi, grisi. Hivyo vyote utanunua tu, hata kama baiskeli umepewa bure na inaonekana imetunzwa, kwa sababu mpira unazeeka hata ukikaa bila kutumika na waya zinashika kutu humo humo ndani ya maganda. Juu ya hapo kuna vifaa utakavyovitumia mara moja na kuvitupia kabatini: kifungulio cha friwili (lile fungu la sproketi za nyuma), spana nyembamba za koni (zile zinazobana gololi kwenye ekseli ya gurudumu), kikatio kizuri cha waya, venia ya kupimia. Kwangu jumla ilipita mara kadhaa hela niliyonunulia baiskeli yenyewe, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye vidude ambavyo ukishafunga hakuna mtu atakayeviona tena. Sijutii, ila ningejua tangu mwanzo ningejipanga, nisingekuwa nasimamisha kazi kila mara nasubiri hela ya kipande kingine.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kagua fremu, maana vingine vyote vinabadilishika. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na lile la mshazari, pale karibu na shingo ya mbele yanapoungana. Ukihisi mkunjo au rangi imefanya mawimbi hapo, hiyo baiskeli iligonga kitu kwa mbele, achana nayo hata kama ina stika nzuri ya Reynolds 531. Hayo mabomba ya 531 yalitoka 1935 na ni chuma kizuri kweli, lakini stika hainyooshi bomba lililopinda. Halafu chukua uzi, ufunge kwenye sikio moja la nyuma pale ekseli inapokaa, uzungushe mbele kwenye shingo ya fremu, urudishe hadi sikio la pili, uvute ukaze, kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti upande huu na upande ule. Zikilingana, nyuma kumenyooka. Zikipishana milimita moja mbili sio kesi. Mwisho igeuze kichwa chini uangalie chini ya boksi la kranki, lile bomba fupi la chini inamopita ekseli ya kranki (mikono ya pedali), maji yote yanayoingia kwenye fremu yanaishia hapo na kutu inaanzia kwa ndani.

Kingine cha kujaribu hapo hapo mbele ya muuzaji: je nguzo ya siti inasogea? Na usukani je? Hivi viwili ndo vinatakiwa vipange bei, sio rangi. Nguzo nyingi ni za alumini zimeingia kwenye bomba la chuma, na hizo metali mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu na chumvi ya jasho, alumini inaliwa, inatoa unga mweupe, ule unga unavimba na kujaza nafasi yote. Yangu ilikuwa imeganda kabisa. Nikawa namwaga oili ya kupenyeza kwa juu, na baadaye nilipotoa ekseli ya kranki nikamwaga na kwa chini kupitia bomba la siti, naacha usiku kucha, najaribu, haisogei, namwaga tena. Kuna kipindi nilikasirika nikaisukumia nyuma ya kabati nisiione. Iliyokuja kuitoa ni njia ya kubana nguzo yenyewe kwenye jiriwa halafu fremu nzima ndo inakuwa mpini, unaishika kwa mbali, huku na huku, taratibu bila kuruka nayo. Ikatoa mlio mmoja mkavu nikajua fremu imepasuka, kumbe imeachia, na ule unga mweupe ukaanza kudondoka kwenye jiriwa. Angalizo: usije ukabana bomba la fremu kwenye jiriwa, ukuta wake ni mwembamba, katikati ya bomba mara nyingi haufiki hata milimita moja, utalibonyeza na halirudi. Na kuna wanaomwaga kostiki soda iyeyushe alumini yote. Inafanya kazi, ila inakula ngozi na macho vile vile, na kila alumini itakayokutana nayo njiani. Kwangu hiyo ni ya mwisho kabisa, na kwa glavu na miwani.

Usukani ulikuwa afadhali. Ile shingo yake, yaani kipande kinachoingia kwenye uma wa mbele, inashikwa na kabari iliyo ndani kwa chini, inayovutwa na bolti ndefu. Wengi wanatoa bolti yote halafu wanashangaa mbona hausogei. Legeza mizunguko michache tu, bolti ibaki imejitokeza juu, weka kipande cha mbao juu yake, gonga pigo moja la maana. Bolti inashuka, kabari inaachia, usukani unageuka.

Sasa vipimo. Hapa naomba usome polepole. Pedali za kawaida zina sredi ya inchi 9/16, ambayo ni kama milimita 14.3. Za Kifaransa za zamani ni milimita 14 kamili. Shingo ya usukani ya kawaida inayoingia kwenye uma wa mbele ni milimita 22.2, ya Kifaransa 22.0. Usukani pale katikati unapobanwa, wengine 25.4 au 26, Wafaransa 25. Boksi la kranki la Kiingereza linapokea vikombe vya gololi vya inchi 1.37, la Kifaransa milimita 35, na ukizibadilisha hizo inchi unapata karibu 34.8. Umeona? Vyote vinakaribiana. Tofauti ndogo namna hii ni mbaya kuliko kubwa, maana kitu kinaingia. Kinaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, unahisi kugumu kidogo, unasema labda kutu, unaongeza spana ndefu, na sredi za kranki zinakatika hivi hivi unazisikia. Kranki ya kushoto ya baiskeli yangu ilikuwa imeshafanyiwa hivyo na mtu kabla yangu, pedali ya 9/16 imelazimishwa ikaingia ikiwa imeinama, ukinyonga unahisi mguu unapepesuka. Dawa ipo, kranki za chuma zinaweza kupitishiwa tepu (kifaa cha kukata sredi) ya 9/16 zikatengenezwa upya, na ndicho nilichofanya pande zote mbili ili nitumie pedali za sasa. Kumbuka tu ya kushoto sredi yake ni kinyume. Pedali ya kushoto unafunga kwa kuzungusha kinyume cha saa, na tepu yake lazima iwe ya kinyume pia.

Mwelekeo wa kufungua nao ni janga lingine. Kikombe cha kulia cha boksi la kranki, upande wa cheni, kama ni Mwingereza unakifungua kwa kufuata mshale wa saa. Mfaransa na Mtaliano ni kinyume cha saa kama nati nyingine yoyote. Halafu zipo baiskeli chache za Kifaransa zilizotumia sredi ya Kiswisi, milimita 35 ile ile ila kulia kumegeuzwa kama kwa Mwingereza. Kwa hiyo mtu anaweza kuning'inia kwenye spana jioni nzima kumbe anakaza. Ushauri wangu ni kama kikombe cha kulia ukikipangusa kinang'aa, njia ya gololi haina mashimo, kiache hapo hapo kilipo. Ukishatoa ekseli unaingiza kitambaa kwa upande wa kushoto, unasafisha, unapaka grisi, unarudisha. Mi changu sijakigusa mpaka leo. Watu wanapenda kufungua kila kitu kwa sababu wanasema ukarabati kamili, sijui kamili ya nani, lengo ni iende barabarani. Na kama baiskeli yako ni ya mwishoni mwa miaka ya 70 au mwanzo wa 80 usiamini kwamba Kifaransa ni Kifaransa tu, kipindi hicho watengenezaji walikuwa wanahamia vipimo vya wengine, unaweza kukuta huku hivi huku vile. Venia ndo inasema ukweli.

Kabla ya kufika kwenye hizo gololi lakini kuna kota pini. Baiskeli nyingi za bei ya kati za miaka hiyo kranki zake hazikubanwa na bolti, zilishikwa na pini yenye bapa upande mmoja inayopita kwenye kranki na kukandamiza ekseli. Hizi pini zimefanya watu wengi waichukie hii kazi. Kosa ni kugonga gonga. Mzee mmoja fundi aliniangalia nikiandaa kinyundo changu akasema, kijana, nyundo ndogo ndo inaharibu, kubwa inatoa. Alikuwa sahihi. Ukigonga taratibu mara nyingi ncha ya pini yenye sredi inapanuka kama uyoga na ukishafika hapo haitoki tena, unabaki na keekee. Alichonionyesha ni hivi: legeza nati hadi iwe sawa na mwisho wa pini, isizidi isipungue, ili sredi zilindwe. Chukua kipande cha bomba la chuma gumu, kiwe na urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye kranki, tundu lake likae chini ya ule mwisho wa pini usio na sredi ili pini ipate pa kushukia. Baiskeli yote iwe imeegemea hapo, sio kwenye matairi. Hii ni muhimu, bila hilo bomba nguvu yote ya nyundo inaingia kwenye gololi na vikombe unatengeneza mashimo mwenyewe. Kisha pigo moja, zito, la kunyooka. Ya kulia iliruka hapo hapo. Ya kushoto iligoma, tukaiwekea oili tukaenda kunywa maji, tuliporudi ikatoka. Kama una kibanio chenye nguvu cha skrubu ni bora zaidi kuliko nyundo, kinasukuma bila kishindo.

Pini mpya nilizonunua kwa haraka zilikuwa za milimita 9.5, kipimo cha Kiingereza, zangu zinatakiwa 9. Nikarudi kununua tena, basi. Ukipata za kwako, bapa lake karibu kila mara linataka tupa kidogo ili pini ikae vizuri, isiingie nusu wala isipitilize. Piga tupa kidogo, jaribu, piga tena, na hizo mbili zipigwe sawa sawa. Zinaingia kwa kupishana: kila kranki ikifika zamu yake ya kuelekea mbele, nati ya pini yake ikae upande uleule, kwa hiyo moja ikiwa juu nyingine inakuwa chini. Ukikosea hapo kranki hazitakuwa kwenye mstari mmoja, mguu mmoja utakuwa unafika chini kabla ya mwenzake. Gonga iingie, kaza nati, gonga tena, kaza tena. Nati haivuti pini, inashikilia tu pale nyundo ilipoiacha.

Gololi ni raha tupu ukilinganisha na hayo. Kwenye kranki mara nyingi ni za robo inchi, 11 kila upande zikiwa huru bila kishikilio. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele 3/16, 10 kila upande. Hesabu zako wakati unatoa, maana fundi aliyepita anaweza kuwa alipoteza moja akafunga hivyo hivyo, au aliweka ya ziada. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka rangi ya kahawia, imeshikana na vikombe, nikailoweka kwa mafuta ya taa ndo ikaachia. Usirudishe gololi za zamani hata kama zinang'aa, na usichanganye mpya na za zamani, zinapishana ukubwa kidogo na zile kubwa ndo zitabeba mzigo wote. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hii kazi. Koni ziangalie kwenye mwanga, utaona mstari gololi zilipopita. Mstari laini sawa. Ukipitisha ncha ya kalamu ikawa inakwama kwenye vishimo, koni hiyo ibadilishwe, grisi haitibu kishimo.

Kukaza koni ndo sehemu inayotaka subira. Ukikaza sana gurudumu linakwaruza, ukilegeza linacheza. Na kama gurudumu lako ni la kile kishikizo cha kufunga kwa mkono kuna siri moja ambayo iliniliza: ukishafunga kishikizo ekseli inabanwa kidogo na koni zinakaribiana. Kwa hiyo mezani lazima uache mchezo mdogo sana, wa kuhisi tu, halafu ukifunga kwenye fremu ule mchezo unapotea. Mi nilikuwa naweka sawa kabisa mezani, nikifunga linakuwa zito, nafungua upya, mpaka nikaja kuelewa. Shika ringi kwa juu uiyumbishe kushoto kulia, isicheze, halafu inyanyue uone kama uzito wa valvu peke yake unaligeuza gurudumu hadi valvu ikae chini. Ikifika hapo umemaliza.

Friwili itoe kabla hujagusa spoku za nyuma. Kifungulio lazima kiwe cha aina yake, zenye noti mbili zinateleza kirahisi, kwa hiyo kibane na nati ya ekseli, weka kifungulio kwenye jiriwa halafu geuza gurudumu lenyewe kinyume cha saa. Kila ulivyonyonga miaka yote hiyo ulikuwa unaikaza, ndo maana inagoma. Ikishaachia tu kidogo legeza ile nati kwanza ndo uendelee. Cheni pima kwa rula ya inchi. Viungo vyake ni nusu inchi kati ya pini na pini, kwa hiyo pini 24 mbele ziangukie kwenye inchi 12 kamili. Zikizidi 1/16 cheni imeisha. Zikizidi 1/8 na sproketi zimeliwa, ukiweka cheni mpya itaruka kwenye zile ndogo ukisimama kwenye pedali. Yangu ilikuwa imepita hapo pote.

Kama unafikiria kuweka gurudumu la nyuma la kisasa, pima nafasi kati ya masikio. Gia tano za zamani ni milimita 120, za sita na saba 126, za nane kwenda juu 130. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa taratibu na fundi anayejua. Ya alumini au kaboni usithubutu. Mi nimeiacha 120 yangu.

Tairi zina mtego wake pia. Kuna 27 na kuna 700C, kwa macho ni moja, lakini soma zile namba ndogo ubavuni: 27 inaandikwa 630 na 700C inaandikwa 622. Milimita nane za kipenyo, haiingiliani kabisa, ya 622 haipandi kwenye ringi ya 630 hata ukitumia vyuma gani. Wapo wanaobadilisha ringi kwenda 700C kwa sababu tairi ni nyingi zaidi, na inawezekana kama breki zako zina nafasi ya kushusha raba milimita nne. Yangu zilikuwa 27, nikanunua tairi za 27 mpya, bado zinatengenezwa. Ila ringi nyingi za zamani kuta zake ni nyoofu, hazina ile ndoano ya ndani ya kushika tairi, usizijaze upepo kama resi za leo, tairi linaweza kuruka nje kwa mlipuko. Na ule utepe wa kufunika vichwa vya spoku usiudharau, bila huo utatoboa tyubu kutoka ndani na utalaumu barabara.

Deraila ya nyuma, ile inayohamisha cheni toka gia moja kwenda nyingine, ilikuwa ya plastiki, ndo zilivyokuwa nyingi za Kifaransa miaka ile, na ilikuwa na ufa. Kutafuta nyingine ya plastiki ya umri ule ule niliona ni kununua ufa mwingine, nikaweka ya chuma iliyotumika. Tundu la kwenye fremu halikuwa na sredi kwa hiyo ikabidi lipigwe tepu, fundi akafanya. Uzuri ni kwamba levya zile za kwenye bomba hazina kliki, zinashika kwa msuguano tu, kwa hiyo deraila yoyote inakubali, gia unaitafuta kwa sikio. Gia za kliki za Shimano zilienea katikati ya miaka ya 1980, baiskeli yangu haina habari nazo.

Breki. Hapa usibane hela. Raba za zamani zilikuwa zimekuwa ngumu hata ukucha hauingii, zinateleza tu kwenye ringi. Weka raba mpya, waya mpya, maganda mapya, kata ganda kwa kikatio chenye makali halafu piga tupa mwisho wake uwe bapa na tundu la ndani ulifungue kwa msumari, ganda lililobonyea mwishoni linafanya breki iwe nzito na unaweza kumaliza siku nzima ukilaumu mikono ya breki. Raba ikae mbele inagusa ringi kabla ya nyuma kidogo, inaondoa ile kelele. Na kama ringi zako ni za chuma za kung'aa, jua kabisa zikilowa breki karibu hazipo. Hata raba nzuri haziokoi sana. Kubadilisha kwenda ringi za alumini ni hela, lakini ukiniuliza kipi kinabadilisha hiyo baiskeli kuliko kingine chochote nitakwambia hicho, kabla ya siti, kabla ya rangi, kabla ya utepe wa usukani.

Rangi sikuigusa. Ina mikwaruzo, stika moja imekatika, na iko hivyo. Kutu ya juu kwenye nikeli niliisugua na karatasi ya alumini iliyokunjwa na kulowekwa maji, inatoka vizuri kuliko unavyodhani. Vipande vidogo vya chuma niliviweka kwenye asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, glavu na hewa ya kutosha, na mtoto asiwe karibu. Ukipiga msasa na rangi mpya umefuta historia yote ya baiskeli na hujaongeza hata breki moja.

Safari ya kwanza nilizunguka karibu tu, taratibu, spana mfukoni. Cheni ilidondoka kwa ndani kwenye sproketi ya mbele, skrubu ya kuzuia nikaikaza robo mzunguko. Waya za breki zilivutika, kawaida, zikakazwa. Baadaye kranki ya kushoto ikaanza mlio wa tik kila nikikanyaga, pini mpya inajikalisha, ikagongwa na kukazwa tena, na ukiusikia huo mlio usiendelee kunyonga hadi nyumbani, shuka, maana pini iliyolegea inaliwa bapa ndani ya muda mfupi na kuila ekseli pia. Spoku nazo zilinyooshwa mara ya pili baada ya kutulia. Kilichobaki ni vikombe vya shingo ya mbele, kuna kishimo katikati unakihisi ukigeuza usukani polepole, na vya sredi ya Kifaransa vinapatikana kwa tabu. Nimevipangusa, nimeweka gololi mpya na grisi, na ninaendelea kuvitafuta huku naiendesha.